Mama Beseni na panya wa Bi Kengele

Maji ya kumwogeshea mgonjwa hayajaribiwi kwa vidole. Mama Beseni anapandisha mkono wa gauni, anatumbukiza kiwiko, anasikilizia kidogo, halafu anatikisa kichwa.

"Bado ya moto haya. Ongeza ya baridi, kikombe kimoja tu, usije ukanigandishia bibi yangu."

Ni saa mbili asubuhi, na anayeagizwa ni binti mkubwa wa nyumba hii, mwanamke wa makamo mwenye duka la madaftari na kalamu. Mtaa mzima unamwita Dada Mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Leo anapokea amri bila kubisha, anamimina kikombe kimoja, anakaa pembeni na taulo begani. Kitandani, mama yake anawatazama wote wawili kwa jicho la mtu aliyezoea kusimamia kazi.

"Mnapika au mnaniogesha?" anauliza.

Huyo ndiye Bi Kengele. Miaka na miaka alikuwa mhudumu wa shule ya msingi, na katika kazi zake zote aliyoipenda zaidi ni kugonga kengele. Watoto aliowakimbiza darasani sasa wana wajukuu, na bado wakipita dirishani wanatembea haraka haraka. Saratani ilimwanzia kwenye titi, ikahamia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Hospitali walishasema la kusema: kupona hakupo. Lakini asubuhi hii anacheka, anadai chai, na anataka aelezwe kwa nini mwandishi wa gazeti ameingia chumbani kwake na viatu vyenye tope.

Viatu vinavuliwa, na kazi inaendelea.

Miezi miwili iliyopita mwanamke huyu alikuwa hageuzwi ubavu bila kuvunjwa moyo na maumivu. Dawa ya kumtuliza ilikuwepo. Ilifika mpaka kwenye mlango huu, ikarudishwa ilikotoka.

Aliyeirudisha ni huyu huyu mwenye taulo begani. Na aliyemfanya abadili mawazo ni Mama Beseni, ingawa yeye ukimwambia hivyo anakukatalia katakata. "Mimi sikumbadilisha mtu," anasema. "Mimi niliomba kushikiwa taulo."

Kwenye kitambulisho chake cha kazi ameandikwa mhudumu wa majumbani, kitengo cha tiba shufaa. Hao ni watu wanaomfuata mgonjwa kwake, ugonjwa unapokuwa hauna tena dawa ya kuuponya, ili walau mateso yapungue. Mwenye kuandika dawa ni muuguzi wa kitengo, ambaye kila nyumba inamwita Sista. Mama Beseni kazi yake ni kuogesha, kugeuza, kubadilisha mashuka, kupaka mafuta na kupiga soga. Ana nyumba tisa za kuzungukia kila wiki, na zote anazifikia kwa miguu, beseni lake la bluu kwapani. Kuhusu malipo, ukimuuliza utamchekesha mpaka amwage maji.

Kwa nini atembee na beseni wakati kila nyumba ina lake? Hilo swali ameulizwa mara nyingi, na jibu lake ni moja.

"Ukitumia la kwao, kesho hakuna atakayefulia humo. Linageuka beseni la mgonjwa, linawekwa pembeni, na mgonjwa analiona liko pembeni. Langu mimi ni la kupita. Nikiondoka naondoka nalo."

Zamani alikuwa dobi wa hospitali. Kuogesha wagonjwa alijifunzia nyumbani, kwa mama mkwe wake, ambaye alikufa na maumivu kijiji kizima kikisikia. Wakati huo dawa za aina hiyo hazikufika kwao. "Nilikuwa namkanda kwa kitambaa cha moto, nalia, yeye ananifariji mimi," anasema, mikono ikiendelea kusugua. "Kwa hiyo leo nikiona dawa ipo na mtu haipati, mwenzenu silali vizuri."

Kwa Bi Kengele alianza kuja kama anavyoanza popote. Sista ndiye aliyetangulia, akamfundisha mgonjwa lugha ya mkono. Ngumi iliyofumbwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja, yapo kidogo. Vidole vyote vitano, yamezidi uwezo wa binadamu.

"Haya, Bi Kengele, leo unanipa vingapi?" Sista aliuliza siku ile, wanawe wawili wakiwa wamesimama kando ya kitanda.

Bi Kengele aliinua ngumi juu kabisa, mtu asije akasema hakuona.

Watoto walitoka, Sista akaenda kwenye nyumba nyingine, Mama Beseni akafunga mlango na kuanza kazi. Alipomgeuza tu ubavu, mama wa watu alikakamaa mwili mzima. Akavuta pembe ya kanga, akaitia mdomoni, akaing'ata. Mkono wake uliokuwa pembezoni mwa beseni ukafunguka taratibu, kidole kwa kidole, mpaka vyote vitano.

"Sista mwambie," alisema alipopata pumzi. "Wanangu wasijue."

Sista aliambiwa, na kesho yake alirudi na chupa. Ilikuwa mofini ya maji, ya kunywa, na kipimo chake kidogo cha plastiki. Dada Mkubwa aliipokea mlangoni, akasoma jina, uso ukamshuka. Akamrudishia Sista chupa yake taratibu, kwa mikono miwili.

"Mofini haiingii humu ndani," alisema.

Ukiishia hapo utamwona mtu mgumu, na utakuwa umemwonea. Dada Mkubwa ana mdogo wake mmoja, kijana anayechomelea mageti, anaitwa Fundi na basi. Kati yao wawili alikuwepo ndugu mwingine. Huyo alianza na vidonge vya kuokoteza vijiweni, akaishia kwenye sindano, na akafia chumba cha uani cha nyumba hii hii. Aliyesukuma mlango asubuhi ile akamkuta ni dada yake.

"Mimi hilo jina nilishalisikia, kwa daktari aliyekuja kumpima kaka yangu akiwa ameshapoa," anasema Dada Mkubwa. "Halafu anakuja mtu na sare nyeupe, ananiambia mnyweshe mama yako. Wewe ungempokea?"

Sista alieleza kwa upole kwamba dawa ya mgonjwa inayotolewa kwa kipimo si sawa na ya kijiweni. Hakuna aliyemsikiliza. Fundi alikuja na mikono yake yenye masizi, akamuunga mkono dada yake.

"Na mama hajalalamika hata siku moja," alisema. Akageukia kitandani. "Mama, unaumwa?"

Ngumi ikapanda.

Sista alifunga mkoba wake. Angefanyaje? Mgonjwa ana akili zake timamu, ameulizwa mbele ya watu, amejibu haumwi.

Mama Beseni alibaki na beseni lake, na mlango ulipofungwa alimuuliza Bi Kengele kwa nini. Alijibiwa huku bibi akitazama ukuta.

"Yule binti amezika mmoja kwa dawa hizo. Nikifa na chupa ile hapo pembeni, atasema ameniua yeye, na hatasikia la mtu. Acha nijikaze. Mimi muda wangu umebaki mfupi, yeye bado anaishi."

Binti anamlinda mama asije akauawa na dawa, mama anamlinda binti asije akabeba mzigo, na katikati yao kuna mgongo unaowaka moto mchana na usiku. Alifanya alichokuwa anakijua. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamchana nywele, akamfunga kanga safi. Ile pembe iliyotafunwa aliikunja kwa ndani ili isionekane vibaya, akamkalisha kwa mito, ndipo akafungua mlango. Watoto wakaingia wakamkuta mama yao anang'aa.

"Umependeza, mama," Dada Mkubwa akasema.

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Bi Kengele alikonda, akawa anaacha chakula, maneno yakapungua. Watoto walisema ni ugonjwa, na kweli ulikuwa ugonjwa. Sista alipita tena mara mbili kuzungumza nao, akaambulia chai.

Halafu ikaja siku ya mtego.

Mama Beseni aliinama kuchukua ndala za Bi Kengele chini ya kitanda, na kidogo vidole vyake vikatwe. Kulikuwa na mtego wa panya, wa chuma, mkubwa, umetegwa na kipande cha dagaa.

"Huu wa nini?" aliuliza.

"Panya," alijibu Dada Mkubwa. "Wametusumbua kweli. Wanatafuna kanga za mama. Kila nikianua kwenye kamba naona pembe zimeliwa, hii ya tatu sasa. Mkate upo mezani hawaugusi, wao ni kanga tu."

Fundi, ambaye hakutaka kupitwa, alionyesha kipande cha bati alichokichomelea chini ya mlango ili kuziba upenyo. Alikipiga piga kwa kiatu, anajivunia kazi. Mtego ulikuwa ni wake pia, na mpaka siku hiyo ulikuwa umenasa kitu kimoja tu, kidole gumba chake mwenyewe.

Kitandani Bi Kengele alifumba macho.

"Nilisimama pale na ndala mkononi," anakumbuka Mama Beseni. "Nikasema, kumbe hawa watoto si kwamba hawajali. Wanahangaika na panya. Wameona alama, wameifuata kwa mapenzi yote, imewapeleka kwa panya. Na sasa nani anayeikunja ile pembe kwa ndani? Nani anayefunga mlango, anawafungulia mama akiwa ameshapambwa? Si mimi?"

Watoto hawakuwahi kumwona mama yao akigeuzwa. Kwa Dada Mkubwa, kuuona mwili wa mama ni kumvunjia heshima, na alishukuru kwamba yupo mtu wa kazi hiyo. Heshima ilikaa nje ya mlango na maumivu yakakaa ndani, kila moja na chumba chake.

Alipobaki naye peke yake, Mama Beseni alivuta kigoda karibu na kichwa cha mgonjwa.

"Bi Kengele, ulinikataza kusema, na sijasema," alimwambia. "Lakini hukunikataza kuomba msaada. Nataka binti yako aingie anishikie taulo. Tutakufunika vizuri, hataona la kuona. Ukikataa, sitaligusa tena neno hili."

Bi Kengele alitazama mlango. Nje, Fundi alikuwa anatega upya mtego wake ili aurudishe chini ya kitanda.

"Akija," alisema mwishowe, "aoshe mikono kwanza. Hajawahi kuosha mikono bila kusukumwa yule."

Kumshawishi Dada Mkubwa ilikuwa kazi nyingine. Alikuwa jikoni, akasema yeye hawezi, ni mama yake mzazi, hilo jambo halifai. Mama Beseni hakumhubiria. Alimwambia mgongo wa mama umekuwa mzito kwa mtu mmoja na anaogopa kumwangusha. Hiyo pia ilikuwa kweli. Dada Mkubwa akaosha mikono, akaingia huku amegeuza uso pembeni.

Walimfunika shuka kuanzia kifuani hadi miguuni. Dada Mkubwa akaambiwa aweke mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, na wakihesabu pamoja amvute kwake polepole. Wakahesabu. Akavuta.

"Nilihisi mwili wa mama unakuwa ubao," anasimulia Dada Mkubwa. "Nikafikiri nimemvunja. Nikamtazama usoni, na yeye hakunitazama. Akachukua pembe ya kanga, akaitia mdomoni. Akang'ata. Nikasikia meno."

Maji yalikuwa yanapoa kwenye beseni. Dada Mkubwa aliitazama ile kanga mdomoni mwa mama yake, akaangalia chini ya kitanda kwenye ule mtego na kipande chake cha dagaa, kisha akairudia tena kanga.

"Mama," alisema. "Ni wewe?"

Mkono wa Bi Kengele ulikuwa juu ya shuka, umefumba. Ulijaribu kubaki hivyo hivyo, ukashindwa. Mbele ya binti yake, vidole vilifunguka vyote.

Dada Mkubwa alimaliza kazi ya taulo mpaka mwisho. Alimkausha mama yake, akamfunga kanga mwenyewe. Ndipo akatoka uani, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akalia. Mama Beseni hakumfuata. Alimwaga maji, akasuuza beseni, akaliegemeza ukutani likauke. Anasema kuna kilio ambacho ukikiingilia unakiharibu.

Baada ya muda alisikia akiitwa.

"Ile chupa," Dada Mkubwa aliuliza, "Sista bado anayo?"

Sista alikuja jioni hiyo hiyo. Safari hii hakuanza na maelezo, alianza kwa kukiri jambo. Alimwambia Dada Mkubwa kwamba hofu yake si ya kijinga, na mtu aliyeona alichokiona yeye ana haki ya kuuliza kila kitu. Basi akaulizwa kila kitu. Kiasi gani? Mara ngapi? Ikizidi je? Itamfanya aitake kama kaka alivyoitaka? Alijibu moja moja, bila haraka. Alimwonyesha dawa ya kulainisha choo inayokwenda pamoja nayo, na akamtahadharisha kwamba siku za mwanzo mama anaweza kulala sana. Wakakubaliana chupa ikae kwenye kabati la Dada Mkubwa, ufunguo shingoni mwake, na mpimaji awe yeye.

Pamoja na kutahadharishwa, mama alipolala kesho yake asubuhi mpaka mchana bila kujitikisa, Dada Mkubwa alishikwa na hofu. Alifunga duka, akaketi kitandani na kiganja juu ya kifua cha mama yake, akapiga simu.

"Mama Beseni, mama haamki. Anapumua lakini haamki."

Mama Beseni alimwambia ampigie kwanza Sista, ambaye aliuliza maswali yake na kuridhika, kisha Mama Beseni akafika mwenyewe, jasho linamtiririka. Aliangalia uso wa mgonjwa. Paji la uso lililokuwa limejikunja miezi yote lilikuwa limenyooka.

"Huyu amelala tu, mwanangu," alisema. "Hebu fikiria hajalala tangu lini. Anajilipia."

Bi Kengele aliamka alasiri. Aliwakuta wanawe wote wawili wamemzunguka wakimkodolea macho, akawauliza kama kuna msiba. Kisha akaomba chai, akainywa, akasema haina sukari ya kutosha. Fundi alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, akarudi macho mekundu, akasema ni moshi wa kuchomelea. Siku hiyo hakuwa amechomelea chochote.

Jioni yake alichomoa mtego chini ya kitanda.

"Panya mwenyewe nilikuwa mimi," Bi Kengele anamwambia mwandishi, na anacheka mpaka Mama Beseni anamwomba atulie asije akamwagikiwa sabuni machoni. "Na yule kijana angeninasa."

Ugonjwa haujaondoka. Sista amekwisha kuongeza kipimo mara moja, na anasema huenda ataongeza tena. Ila tangu maumivu yapungue, Bi Kengele ameanza kulizungumzia jambo ambalo nyumba hii haikulitamka kwa miaka, yaani yule mwanawe wa kati. Alivyoimba akiwa bafuni. Alivyoiba kengele ya shule siku moja ili mama yake apumzike. Dada Mkubwa anasema alikuwa amesahau kabisa kwamba kaka yake aliwahi kuwa mtu wa kuchekesha.

"Maumivu yangemchukua mama na hadithi zake zote," anasema. "Namshukuru Mama Beseni kwa hilo kuliko hata dawa. Na namshukuru hakunisema. Angenisema siku ile, ningemfukuza na beseni lake."

Mama Beseni akisifiwa hivyo hujifanya anatafuta sabuni. Anachokitaka sasa ni kitu kimoja, na ameshakipeleka kwa Sista na wakuu wa kitengo: familia inapokataa dawa, watu wasianze na mabishano. Mgonjwa aulizwe kwanza kama anaridhia, na akiridhia, mmoja wa watoto aitwe ashike taulo wakati wa kuogesha. Katika nyumba mbili nyingine wamekwisha kujaribu. Moja ilikubali, na nyingine bado, na huko Dada Mkubwa amejitolea kwenda Jumamosi kukaa na binti wa mgonjwa. Anasema atampa habari za mtego wa panya, mengine amwachie mwenyewe.

Kuogesha kumekwisha. Bi Kengele amekalishwa kwa mito, kanga yake mpya haina hata uzi uliovutwa. Sista ameagiza aulizwe kila siku, basi Mama Beseni anamuuliza leo vingapi. Bi Kengele anafikiri kidogo, anainua kidole kimoja. Halafu anakipinda nusu.

Uani, Dada Mkubwa amechutama juu ya beseni la bluu na analisugua kwa nguvu. Mama Beseni amekaa kwenye ile ndoo iliyogeuzwa, anapumzisha magoti, ambayo siku hizi yanamsumbua. Mwandishi anamuuliza swali la mwisho: yeye mwenyewe siku zake zikifika, anatamani nini?

"Nitamani nini," anasema. "Nina vidume wawili, wako mbali, na wanaogopa hata kuona kidonda. Sina binti. Mtu wa kunigeuza atakuwa nani? Namwachia Mungu."

Dada Mkubwa anamwaga maji, analikung'uta beseni, analigeuza kulitazama kama limetakata.

"Nani kakwambia huna?" anasema, na anarudia kusugua.